Ufaulu wa Wilaya: Kiasi Kikipanda, Asili Ikipungua

Mwaka 2012 watoto 865,534 walifanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi Tanzania Bara. Waliofaulu walikuwa 265,873, sawa na asilimia 31. Mwaka 2015 walifanya watoto 763,602 na wakafaulu 518,034, sawa na asilimia 68. Anayetazama asilimia peke yake ataona ufaulu umezidi mara mbili ndani ya miaka mitatu. Mimi naomba tuzisome namba zote nne, maana ndizo zinazoonyesha jinsi matokeo ya wilaya yanavyopandishwa.

Asilimia ni sehemu, na sehemu ina kiasi na asili. Hupanda kiasi kikiongezeka, na hupanda vilevile asili ikipungua. Kati ya 2012 na 2015 yalitokea yote mawili: waliofaulu waliongezeka kwa 252,161 na waliofanya mtihani walipungua kwa 101,932. Ukiwachukua hao 518,034 wa mwaka 2015 ukawagawanya kwa idadi ya watahiniwa wa 2012, unapata asilimia 60.

Sisemi kwamba watoto hao laki moja waliondolewa kwa hila. Ada za shule za msingi zilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), watoto wa umri tofauti waliingia darasa la kwanza kwa pamoja, na lile wimbi kubwa lilikuwa limeshapita ilipofika 2012. Tena, mwaka wa kuanzia hesabu nao una neno lake. Mwaka 2011 ufaulu ulikuwa asilimia 58. Uliporomoka hadi 31 katika mwaka uleule ambao watoto walianza kujaza majibu kwenye fomu za kusahihishwa kwa kompyuta. Kwa hiyo sehemu ya kupanda kulikofuata ilikuwa kurejea pale tulipokuwa. Mchambuzi akianza na 2012 anaona muujiza, akianza na 2011 anaona nyongeza ya alama kumi katika miaka minne. Nyongeza ya alama kumi si haba, na inastahili kuelezwa jinsi ilivyopatikana.

Mwaka 2013 Serikali ilizindua Matokeo Makubwa Sasa, mpango ulioigwa Malaysia, na elimu ikawa mojawapo ya sekta sita za mwanzo. Shabaha ziliandikwa wazi: ufaulu ufike asilimia 60 mwaka 2013, 70 mwaka 2014 na 80 mwaka 2015. Zilizopatikana ni 51, 57 na 68. Ndani ya mpango kulikuwa na mambo kadhaa: fedha za ruzuku, mafunzo ya walimu wa madarasa ya chini, masomo ya ziada kwa wanafunzi walio nyuma, ujenzi. Lililotekelezwa kwa haraka na kwa nchi nzima ni lile lisilo na gharama kubwa, yaani kuzipanga shule kwa nafasi. Kila shule ya msingi ilipewa namba yake kitaifa na namba yake ndani ya halmashauri, pamoja na rangi ya kijani, njano au nyekundu.

Hakuna mwalimu aliyekatwa mshahara kwa sababu ya rangi nyekundu. Lakini kuwa shule ya 118 kati ya shule 118 za wilaya ni jambo linalofahamika kwa jina, kuanzia kikao cha wakuu wa shule hadi kwa diwani. Shinikizo lililopita humo halikuhitaji waraka.

Je, lilifanya kazi? Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana, na ugumu wake unatokana na udogo wa shule zetu. Chukua shule yenye watahiniwa 25. Mtoto mmoja peke yake ni asilimia nne ya matokeo ya shule nzima. Wawili wakiugua wiki ya mtihani, shule imeshuka kwa alama nane na huenda ikajikuta mkiani mwa wilaya. Mwaka unaofuata hakuna aliyeugua, na shule inapanda. Afisa elimu aliyemwita mwalimu mkuu na kumkaripia ataamini kwamba karipio lake ndilo lililopandisha shule, ilhali ingepanda hata kama angekaa kimya. Huko Chile, mwaka 1990, serikali ilizichagua shule zipatazo 900 zilizokuwa chini kabisa na kuzipa msaada. Ziliporudi kupimwa zilikuwa zimepanda sana. Wachumi watatu, Chay, McEwan na Urquiola, walionyesha mwaka 2005 kwamba sehemu kubwa ya kupanda huko ilitokana na shule zilizoanguka kwa bahati mbaya kurejea katika hali yake ya kawaida. Kila wilaya inayozitangaza shule zilizoongoza kwa kupanda inastahili kukumbushwa hesabu hii.

Kwa Tanzania kazi hiyo ya kuchuja ilifanywa na Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin. Walikusanya matokeo ya shule zote za msingi kuanzia 2011 hadi 2016, wakatazama shule za mkiani zilivyokuwa zikipanda zenyewe kabla ya 2013, kisha wakalinganisha na zilivyopanda baada ya shule kuanza kupangwa hadharani. Tofauti ya hayo mawili ndiyo kazi ya orodha. Walikuta kwamba shule zilizokuwa katika sehemu mbili za kumi za chini ndani ya halmashauri zao zilipanda kweli, kuzidi kule kupanda kwa kawaida. Kutajwa hadharani kuliwaamsha watu.

Walikuta na jambo la pili. Shule hizo za chini zilipunguza idadi ya watoto wanaofika darasa la saba. Inaelekea walioachwa nje walikuwa wale ambao mwalimu alitarajia wangefeli.

Kumwondoa mtoto kwenye hesabu hakuhitaji amri ya maandishi. Anaweza kurudishwa darasa la sita arudie mwaka. Utoro wake unaweza kuachwa bila kufuatiliwa mpaka usajili wa watahiniwa ufungwe. Mzazi maskini mwenye mtoto wa kike wa miaka kumi na minne hahitaji kushawishiwa sana ili akubali kwamba shule haimfai binti yake. Kwenye jedwali la wilaya tukio hilo linaonekana kama maendeleo, kwa sababu kipimo kilitengenezwa hivyo: kinahesabu waliofaulu kati ya waliofanya, hakiulizi waliokuwa darasani miaka miwili nyuma wako wapi. Hili linaniuma kuliko takwimu yoyote nyingine katika suala hili, kwa sababu mtoto aliyeondolewa ndiye hasa mpango ulitangazwa kwa ajili yake.

Shinikizo likizidi hufika pabaya zaidi. Mwaka 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya darasa la saba ya shule zote za msingi za Halmashauri ya Chemba, Dodoma, kwa udanganyifu, na watoto wakarudia mtihani. Watoto wa wilaya nzima waliingia chumba cha mtihani mara mbili kwa makosa ya watu wazima. Januari 2023 Baraza likaacha kutangaza orodha ya shule na wanafunzi bora kitaifa. Naona ulikuwa uamuzi mzuri, ila uligusa kilele cha orodha tu. Vikao vya tathmini ya elimu vya halmashauri bado vinazipanga shule zao, na namba inayotumika ni ileile.

Turudi kwenye njia ya kweli, ile ya kuongeza wanaojua. Hapa halmashauri nyingi hufanya mambo yanayofahamika: kambi za kitaaluma za darasa la saba, mitihani ya ujirani mwema, mitihani ya majaribio ya wilaya na mkoa, masomo ya jioni. Siyadharau. Walimu wengi huyafanya kwa moyo na bila posho. Lakini tuangalie yanamfikia nani. Katika miaka hiyo ya Matokeo Makubwa Sasa mtoto alihitaji alama 100 kati ya 250 ili ahesabiwe amefaulu. Mwenye 90 anaweza kuvushwa kwa miezi mitatu ya kambi. Mwenye 50, ambaye bado anasoma Kiswahili kwa kuunganisha silabi, hawezi kusaidiwa na karatasi ya maswali ya kuchagua, kwa sababu swali lenyewe halisomi. Kambi huwavuta walio karibu na mstari na kuwaacha walio mbali. Kisha mwaka unaofuata linaingia darasa la saba jingine lenye mchanganyiko uleule, na kambi inaanza upya. Wilaya inaweza kukimbia hivyo miaka kumi bila kupunguza idadi ya wasiojua kusoma hata kwa mtoto mmoja.

Shida yenyewe huanza chini. Tathmini za Uwezo, zilizoanza kufanywa majumbani mwanzoni mwa muongo uliopita, zilionyesha kwamba kati ya watoto kumi wa darasa la tatu ni takriban watatu tu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Saba waliobaki ndio watahiniwa wa darasa la saba wa miaka minne baadaye.

Jaribio kubwa la kushughulika na hao lilikuwa KiuFunza, lililoendeshwa na shirika la Twaweza mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya kumi. Kila wilaya ilitoa shule 35, zikagawanywa kwa bahati nasibu, na kwa sababu hiyo tunaweza kuyaamini majibu yake kuliko ripoti za miradi tulizozoea. Shule saba za kila wilaya zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, fedha ikiingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kiasi hicho ndicho sera ya Serikali ilichokuwa ikiahidi na ambacho mara nyingi hakikufika chote. Saba nyingine hazikupewa ruzuku, ila mwalimu wa darasa la kwanza, la pili au la tatu aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la Kiswahili, Kiingereza au Hisabati, na mwalimu mkuu 1,000. Saba zikapata vyote viwili. Kumi na nne zilizobaki hazikupewa kitu, zikawa za kulinganishia.

Baada ya miaka miwili ruzuku peke yake haikuwa imebadili alama za watoto. Vitabu vilinunuliwa na vifaa vikaingia, lakini wazazi nao walipunguza sehemu ya walichokuwa wakitumia kwa watoto wao, na namna ya kufundisha ikabaki ileile. Motisha peke yake ilionyesha dalili za kusaidia, si kwa uhakika mkubwa. Shule zilizopata vyote viwili ndizo zilizopanda wazi, na zikapanda zaidi ya jumla ya ruzuku na motisha vikihesabiwa kimoja kimoja. Yaani kitabu kilianza kufanya kazi pale mwalimu alipokuwa na sababu ya kuhangaika nacho, na hangaiko la mwalimu lilizaa pale alipokuwa na kitabu. Tumetumia miaka mingi kubishana kama tatizo ni fedha au ni uwajibikaji, na jibu la jaribio hili ni kwamba kimoja bila kingine hupotea bure kwa kiasi kikubwa.

Kuna kipengele kimoja cha KiuFunza ambacho hakizungumzwi vya kutosha, nacho ni jinsi malipo yalivyohesabiwa. Mwalimu hakulipwa kwa asilimia ya ufaulu wa darasa. Alilipwa kwa kichwa, kila mtoto aliyeweza. Kumfukuza mtoto dhaifu hakukumwongezea mwalimu hata senti, wakati kumfundisha kungemwongezea. Tofauti hiyo ndogo ya fomula inafunga mlango ambao orodha ya Matokeo Makubwa Sasa iliuacha wazi.

Bado palikuwa na kasoro: jaribio lilikuwa na mstari mmoja wa kuvuka, kwa hiyo mtoto aliye mbali sana na mstari bado hakuwa na faida kwa mwalimu. Awamu ya pili, mwaka 2015 na 2016 katika shule 180, ililitazama hilo. Kundi moja la shule lilitumia mfumo wa ngazi: kutambua silabi, kusoma maneno, kusoma sentensi, kusoma aya, na kila ngazi ina malipo yake. Mtoto aliyeanza mwaka bila kujua silabi akimaliza anasoma maneno, mwalimu wake ameshaingiza kitu. Kundi la pili lilitumia mfumo ambao wachumi wanaupenda zaidi kwa nadharia, wa kumshindanisha kila mtoto na wenzake walioanza naye kiwango kimoja katika shule za kundi hilo. Mifumo yote miwili ilipandisha alama. Ule wa ngazi, ambao mwalimu anaweza kuueleza kwa mwenzake kwa dakika mbili, haukushindwa na ule mgumu, na kuuendesha ni rahisi zaidi. Kwangu hilo ni somo la utawala kuliko la uchumi: mwalimu aliyeona kwa macho yake kinachohesabiwa anajua kesho asubuhi aanze na mtoto yupi.

Hayo yalikuwa majaribio katika shule zilizochaguliwa. Wilaya nzima iliyoanzia chini, kwenye kusoma, kwa muda mrefu iko Brazil. Sobral ni manispaa ya watu kama laki mbili katika jimbo la Ceará, kaskazini mashariki, eneo ambalo ni miongoni mwa maskini zaidi nchini humo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliwapima watoto wake wa darasa la pili kusoma, na ikakuta karibu nusu hawawezi. Viongozi wake hawakuanzia kwenye mtihani wa mwisho. Walitangaza lengo moja, kila mtoto asome kufikia mwisho wa darasa la pili, na yote mengine yakapangwa kulitumikia.

Walimu wakuu waliacha kuteuliwa kwa kujuana na wanasiasa, wakaanza kupatikana kwa usaili na mtihani. Shule ndogo ndogo ziliunganishwa. Walimu walikutana kila mwezi kwa mafunzo yaliyohusu masomo ya mwezi uleule, na walimu hodari walipelekwa madarasa ya mwanzo, kinyume na desturi inayojulikana hata kwetu ya kuwaweka kwenye darasa la mtihani. Manispaa yenyewe, si shule, ilimpima kila mtoto kusoma mara mbili kwa mwaka, mmoja mmoja, kwa sauti. Majibu yalirudi shuleni na jina la mtoto.

Kipimo cha taifa cha Brazil, kiitwacho IDEB, kilianza na takwimu za mwaka 2005 na hutolewa kila baada ya miaka miwili. Kwa madarasa ya chini ya msingi Sobral ilikuwa na alama 4.0 kati ya kumi mwaka 2005. Mwaka 2015 ilikuwa na 8.8, na mwaka 2017 ikafika 9.1, juu ya manispaa za miji tajiri ya kusini. Nimevutiwa hasa na namna IDEB inavyokokotolewa. Alama za mtihani huzidishwa kwa kiwango cha watoto wanaopanda darasa. Shule ikimrudisha mtoto nyuma ili kulinda wastani wake, inapoteza upande wa pili wa kuzidisha. Ikimpandisha bila kujua kitu, inapoteza upande wa kwanza. Ili namba ipande lazima mtoto awepo na ajue.

Jimbo la Ceará liliichukua kazi ya Sobral na kuipeleka kwenye manispaa zake zote 184 kuanzia 2007, na likaifunga kwenye fedha. Katika Brazil robo ya kodi ya mauzo inayokusanywa na jimbo hurudi kwa manispaa, na sehemu ya mgawo huo hupangwa kwa sheria ya jimbo lenyewe. Ceará iliamua kwamba asilimia 18 ya mgawo wa manispaa igawanywe kwa matokeo ya elimu, uzito mkubwa ukiwa kwenye kusoma kwa darasa la pili. Meya ambaye hajawahi kuuliza habari za darasa la pili alianza kuuliza, kwa sababu bajeti yake ya barabara ilitegemea jibu. Shule zilizofanya vizuri zaidi zilipewa zawadi kwa sharti kwamba sehemu ya fedha isubiri hadi zimesaidia shule rafiki iliyo mkiani. Kwetu shule iliyoongoza hupewa kombe na ng'ombe, kisha kila mtu hurudi kwake.

Wapo wanaosema Sobral inafundisha kwa ajili ya mtihani, na hoja yao ina uzito, maana mtoto anayepimwa mara mbili kila mwaka anaishi na mtihani. Ila kipimo kikiwa ni kusoma aya kwa sauti mbele ya mtu, kukifanyia mazoezi ndiko kujifunza kusoma kwenyewe. Ni mtihani wa kuchagua herufi ndio unaoweza kuzoeleka bila ujuzi.

Halmashauri ya Tanzania haina kodi ya kugawa kama Ceará, lakini ina watu. Kila kata ina afisa elimu wake, ambaye tangu 2016 analipwa posho ya madaraka ya shilingi 250,000 kwa mwezi, na wengi wao wana pikipiki za Serikali. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili tangu 2015 umejengwa juu ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Kata yenye shule nne na watoto 400 wa darasa la pili inaweza kuwasikiliza wote wakisoma kwa wiki tatu, kila mtoto dakika chache, afisa akisikiliza shule ambayo si ya rafiki yake. Kinachokosekana ni mkurugenzi anayeitaka namba hiyo mezani kwake kwa uzito anaoutaka matokeo ya darasa la saba, na aitake ikiwa na majina.

Ataihitaji pia kwa sababu ya walioingia shule elimu ilipotangazwa kuwa bila malipo. Januari 2016 darasa la kwanza lilipokea takriban watoto milioni mbili. Rika hilo lilifika mtihani wa darasa la saba mwaka 2022, na matokeo yakatangazwa kuwa ufaulu ni asilimia 79.6, watoto 1,073,402. Wapo waliorudia madarasa na kufanya mtihani miaka iliyofuata, na wapo walioacha shule njiani. Daftari la uandikishaji la 2016 linapaswa kuwa katika kila shule, na orodha ya watahiniwa wa 2022 na wa 2023 ipo. Mwalimu mkuu na afisa elimu kata wakizilinganisha jina kwa jina, watajua katika kijiji chao ni watoto gani hawakufika, waliishia darasa la ngapi, na kama walipoondoka walikuwa wanajua kusoma.